Ghala la Barabara Kuu na Nyumba ya Kulia Chakula

Hotuba ya Kamati ya Majengo, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Wenzetu waliotutangulia wamesema habari za minada, bei na pembejeo, nao wamepigiwa makofi kama ilivyostahili. Sisi tumepewa habari kavu zaidi, yaani habari ya mawe, saruji na karatasi za mji. Twaomba mtuvumilie, kwa maana jengo tunalokusudia kulizungumza ndilo mali yenye thamani kubwa kuliko zote tulizo nazo mjini, na uamuzi juu yake hautatungoja tushibe pilau ya leo.

Kila mjumbe alijua jengo hilo: ghala letu la Barabara Kuu, lenye duka mbele, baraza pana mbele ya duka, na uwanja wa kupakilia nyuma. Mapendekezo matatu yameletwa mbele ya Bodi. La kwanza, lipangishwe kwa mfanyabiashara aliyekuja na maneno matamu ya kulifanya hoteli ya chakula, wali na nyama choma, viti mia na taa za rangi. La pili, Chama chenyewe kifungue mgahawa humo, kiuze mchele, kunde na korosho za wanachama wake. La tatu, libaki kama lilivyo. Wengi wamekwisha chagua upande, na tumesikia hata ndugu wa kijiji kimoja wakinuniana kwa ajili yake. Lakini katika maneno yote tuliyoyasikia vijijini, ni wachache waliouliza kama sisi tuna uwezo wa kuamua jambo hili peke yetu. Uwezo huo hatuna. Mkutano Mkuu waweza kukubali kwa sauti moja, na bado mlango usifunguliwe, kwa kuwa mji nao una neno lake.

Kwanza historia, kwa kifupi. Jengo hili ni la namna ya maduka ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi ambayo mtu huyaona katika miji yetu yote ya kusini: kuta nene, paa la mabati, milango ya mbao mizito, duka mbele na makazi au bohari nyuma. Mwaka 1971 Serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, hili halikuguswa, kwa sababu lilikuwa limekwisha nunuliwa na chama cha ushirika kilichokuwapo. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, na mali zake zikaenda kwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, lakini kurudisha chama ni jambo moja, na kurudisha karatasi za nyumba zake ni jambo jingine. Wazee walihangaika miaka mingi kuandama hati hii kutoka ofisi moja hadi nyingine. Miaka kumi iliyopita, Chama hiki kilipoundwa, hati hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza tulivyokabidhiwa, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya khaki. Basi mtu asitushangae tukiishika kwa mikono miwili.

Ndani ya hati hiyo imeandikwa matumizi ya kiwanja: duka na ghala. Maneno mawili tu, na ndiyo yaliyotuleta hapa.

Kwa nini ghala halitumiki? Sababu yake si uvivu wa mtu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/08, mazao yalitakiwa yapelekwe katika maghala yenye leseni, yenye mizani iliyokaguliwa, nafasi ya malori na mlinzi wa usiku na mchana. Ghala la Barabara Kuu ni dogo kwa kazi hiyo, tena lori la tani thelathini likiingia katika njia ile halipati pa kugeukia, bali hurudi kinyumenyume mbele ya duka la dawa huku watu wakipiga kelele. Kwa hiyo mazao yetu yanakwenda ghala kuu nje ya mji. Hili la mjini hupata kazi kidogo msimu unapoanza, mwezi wa Oktoba, na ikifika Februari hubaki na magunia matupu, mizani mbovu, na panya. Nyumba isiyokaliwa huzeeka upesi kuliko iliyokaliwa. Mabati ya upande wa magharibi yameanza kuvuja, na kodi ya ardhi twailipa kila mwaka, gunia likiwamo au lisiwemo.

Kwa hiyo Kamati haioni kuwa pendekezo la tatu ni la busara. Kuliacha jengo lilivyo ni kuliua polepole. Lakini kutoka hapo hata kusema “basi na liwe hoteli” pana safari ndefu, nasi twataka tuitembee pamoja nanyi.

Mbele ya sheria, duka, ghala, kiwanda na nyumba ya kulia chakula si kitu kimoja, hata kama vyote vina kuta nne na mlango. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, humtaka mwenye hati atumie kiwanja kwa kazi iliyoandikwa humo. Akiibadili bila ruhusa amevunja sharti la hati, na sharti likivunjwa mwenye ardhi aweza kutozwa faini, na mambo yakizidi aweza hata kunyang’anywa haki yake. Kisha iko Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya mwaka 2007, inayoifanya Halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Anayetaka kubadili matumizi hupeleka maombi kwa Halmashauri, maombi hutangazwa ili majirani na wengine wenye maslahi wapate kusema, Ofisa Mipangomiji huandika maoni yake, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya madiwani huyajadili. Yakipita, hupelekwa juu kwa wenye mamlaka ya ardhi ili masharti ya hati yabadilishwe. Kibali cha ujenzi ni karatasi nyingine, maana huwezi kuvunja ukuta na kujenga jiko kwa kibali cha kubadili matumizi peke yake. Leseni ya biashara ni nyingine tena. Na jengo la chakula husajiliwa: kazi hiyo ilikuwa ya TFDA, na tangu mwaka 2019 imewekwa chini ya Shirika la Viwango, TBS. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nao huja na orodha yao.

Twajua mjumbe mmoja hapo nyuma ananong’ona kwamba huu ni urasimu wa kumchosha mkulima. Yapo mataifa yaliyofikiri hivyo pia. Huko Uingereza, tangu tarehe 1 Septemba 2020, duka, ofisi na mgahawa vimewekwa katika daraja moja la matumizi, na mtu aweza kugeuza duka kuwa mgahawa bila kuomba ruhusa ya mipangomiji kwa mabadiliko hayo. Walifanya hivyo kwa sababu mitaa yao ya maduka ilikuwa inakufa. Lakini tazameni walichokiacha nje: baa hazikuingizwa katika daraja hilo, wala nyumba zinazouza chakula cha kuchukua na kwenda nacho, na anayetaka kuweka bomba kubwa la moshi nje ya ukuta bado huomba ruhusa. Yaani hata waliolegeza kamba hawakulegeza mahali penye moshi, kelele na ulevi. Jirani ni jirani popote.

Nasi twasema mbele ya Waheshimiwa Madiwani, ambao baadhi yao watalipigia kura ombi letu, kwamba hatuwaombi upendeleo. Twaomba watuulize maswali magumu sasa, ili tusije tukaulizwa na mahakama baadaye.

Maswali hayo yamekwisha anza. Tulipopeleka barua ya awali, Ofisa Mipangomiji alikuja mwenyewe kulitazama jengo, akazunguka uwanja mara mbili bila kusema neno, kisha akatuuliza mambo matatu: maji machafu yatakwenda wapi, moshi utatokea wapi, na magari yatasimama wapi. Swali la magari ni jepesi, maana uwanja wa kupakilia unatosha ikiwa hatutauza sehemu yake. Hayo mawili ya kwanza ndiyo yaliyotukosesha usingizi.

Ghala halina maji machafu. Lina choo kimoja cha mlinzi na bomba moja la kunawia. Nyumba ya chakula yenye viti mia humwaga kila siku maji ya kuoshea vyombo, maji ya mchele, maji ya samaki, na mafuta. Mafuta hayo yakiingia katika karo yakapoa, huganda kama sabuni na kuziba njia. Maji hupanda juu, na harufu yake husikika mpaka msikitini. Dawa yake ni mtego wa mafuta, yaani kisanduku cha saruji kinachowekwa kabla ya karo ili mafuta yaelee yachotwe, nacho chahitaji mtu wa kukichota kila wiki, si kila mwaka. Tena karo lenyewe haliwezi kuchimbwa kokote. Upande wa mashariki pana kisima cha jirani, mjane ambaye nusu ya mtaa huteka maji kwake mabomba ya mji yanapokauka. Ikiwa karo letu litakuwa karibu na kisima chake, Kamati haitatia sahihi, hata kama Halmashauri itakubali. Tumepima kwa kamba: upande wa kusini, chini ya mwembe, ndipo panapofaa, ingawa mwembe utaumia.

Habari ya moshi ina sura mbili. Moshi wa kupikia waweza kupunguzwa. Serikali ilitoa mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, na hatuoni sababu ya mgahawa mpya kuanza maisha yake kwa magogo. Jiko la gesi, mitungi iwekwe nje katika kibanda chenye wavu na hewa, nao Zimamoto wakague. Hilo lina gharama lakini halina fumbo.

Sura ya pili ni ile ya korosho zetu wenyewe. Wajumbe kadhaa wamependekeza kwamba mgahawa wetu ubangue na kukaanga korosho palepale, wageni wakitazama, ili wajue utamu wake unatoka wapi. Ni wazo la kupendeza, na aliyelitoa alilitoa kwa moyo wa kupenda zao letu. Lakini kila mama aliyewahi kubangua korosho nyumbani ajua kilichomo katika ganda. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na ganda likichomwa moshi wake huwasha macho na kukaba koo. Hiyo ni kazi ya kiwanda. Mbele ya sheria ni matumizi mengine kabisa, na mbele ya utu pia: hatuwezi kumfukizia moshi ule mtu aliyekuja kula wali. Korosho zibanguliwe mahali pake, zije mjini zikiwa nyeupe, zikaangwe kwa chumvi jikoni. Anayeomba kibali cha chakula kisha akaingiza kiwanda kwa mlango wa nyuma atawaharibia wote watakaoomba baada yake.

Sasa twaingia katika jambo ambalo Ofisa Mipangomiji hakuliuliza, wala mfanyabiashara hakulitaja, wala halimo katika fomu yoyote tuliyopewa kujaza. Ni jambo ambalo sisi wakulima ndio tunaolijua kuliko wote, na kwa hiyo ni juu yetu kulisema.

Ghala lile halikuwekwa korosho peke yake. Kwa miaka mingi, kabla ya Chama hiki kuzaliwa na baada yake, liliwekwa salfa ya unga ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na dawa za maji za kuua wadudu, katika madebe na chupa. Mifuko ilipasuka. Madebe yalivuja. Wachukuzi walifagia, wakamwaga maji, na sakafu ikanywa. Ukiingia leo mwezi wa Machi, mlango ukiwa umefungwa wiki mbili, pua yako itakuambia hata kama macho hayaoni kitu. Salfa yenyewe si adui mkubwa. Inawasha macho na kifua, tumeizoea. Hizo dawa za maji ndizo zinazotutia shaka, maana nyingine hukaa katika saruji na katika mbao muda mrefu, na hakuna daftari linaloonyesha ni dawa gani ilimwagika kona gani.

Je, hapo ndipo tutakapokata nyanya? Hapo ndipo mtoto atakapodondosha kipande cha mkate, akakiokota na kukila?

Kamati imezungumza na Bwana Afya, kama wazee wetu walivyozoea kumwita, na majibu yake yalikuwa wazi. Kupaka rangi si kusafisha. Sakafu ya bohari ya dawa ing’olewe yote, udongo wa chini uondolewe kwa kina, na kifusi hicho kisitupwe korongoni wala kisigawiwe watu wa kujazia nyumba zao, maana huo utakuwa ni kugawa sumu kwa ukarimu. Lipu ya ukuta ibanduliwe kufikia urefu wa mtu. Mbao za rafu zitolewe, wala zisiwe kuni. Kisha sampuli zipelekwe maabara, na majibu yaje kwa maandishi kabla ya fundi kuweka sakafu mpya. Gharama ya kazi hiyo haimo katika hesabu za mfanyabiashara. Tumezitazama, tukakuta rangi, viti, taa na runinga kubwa tatu. Tulipomwuliza juu ya sakafu, alisema ataweka marumaru juu yake.

Hapo ndipo Kamati ilipoanza kulitazama pendekezo la kwanza kwa jicho jingine. Jengo ni letu, hati ni yetu, na mpangaji akiisha kwenda na viti vyake, aliyekula na kuugua atamtafuta mwenye nyumba. Tena aliyekula atakuwa nani? Ni mwanachama aliyekuja mjini kufuatilia malipo yake, na mwanawe anayesoma sekondari.

Kuna jambo jingine linalopita katikati ya maneno yote haya, nalo ni baraza. Waheshimiwa wageni waliopita njia ile saa sita mchana wamewaona akina mama wanaopikia hapo: majiko manne au matano, sufuria za wali na maharage, samaki wa kukaanga, uji asubuhi. Mwaka 2021, wachuuzi wengi wa mijini walipoondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa katika maeneo yaliyotengwa, hawa hawakwenda, kwa sababu baraza ni letu, haliko katika hifadhi ya barabara, na Chama kiliwaacha. Hawalipi kodi. Hufagia, hulinda jengo mchana kuliko mlinzi anavyolilinda usiku, na tusijifanye hatujui kwamba wengi wao ni wake na binti za wanachama. Wachukuzi wa soko, makarani, madereva wa bodaboda, na wajumbe wa Bodi pia, tumekula hapo, tena kwa mkopo.

Katika mchoro wa mfanyabiashara, baraza limekuwa mahali pa meza za wageni, na akina mama hawamo. Katika maombi ya kubadili matumizi hawamo pia, kwa kuwa fomu huuliza majirani wenye viwanja, wao hawana kiwanja. Hivyo nyumba ya chakula inaweza kupata kibali chenye mihuri yote, na siku ya kufunguliwa kwake ikawa siku ya kufungwa kwa chakula cha maskini wa mji. Twaona jambo hilo halistahili jina la ushirika.

Wapo watakaosema kwamba kibiashara hakuna njia nyingine. Hapo twaomba mtupe ruhusa ya kwenda mbali kidogo, mpaka London, kando ya mto Thames, kwa sababu habari hii inatuhusu zaidi ya inavyoonekana. Kuna jengo huko liitwalo Oxo Tower Wharf. Mwanzo lilikuwa kituo cha kufua umeme. Kisha, katika miaka ya 1920, likanunuliwa na kampuni ya Liebig, watengenezaji wa supu ya nyama ya Oxo, wakalijenga upya kuwa bohari ya nyama. Walitaka kuweka tangazo la taa juu ya mnara, wakanyimwa ruhusa. Basi mchora ramani wao akatengeneza madirisha ya mnara kwa umbo la duara, msalaba na duara, yakasomeka OXO usiku taa za ndani zikiwaka, na hakuna sheria iliyokataza dirisha. (Waheshimiwa Madiwani, hatusemi hivi ili kuwafundisha wapangaji wetu hila.) Baadaye bohari ikaachwa tupu. Wenye fedha walitaka kujenga maofisi na hoteli katika eneo lote. Wakazi wa hapo walipinga kwa miaka mingi katika mabaraza ya uchunguzi, na mwaka 1984 chama cha wakazi, Coin Street Community Builders, kikanunua eneo lote la eka 13 kwa pauni milioni moja. Hawakulibomoa jengo. Lilipofunguliwa upya mwaka 1996, juu kabisa paliwekwa mgahawa wa gharama, wenye kutazama mto, uliopangishwa kwa wenye biashara. Lakini chini yake yakawekwa makazi 78 ya chama cha ushirika cha nyumba, kwa watu wa kipato cha kawaida, na karakana za mafundi chini zaidi. Wenye nafasi hula juu, na wenye mtaa hawakufukuzwa.

Sisi hatuna mto Thames wala hatutafuti viti vya gharama. Lakini twajifunza kwamba mwenye jengo ndiye anayeweza kuandika masharti, na akiyaandika kabla ya kutia sahihi, yatashika. Hata karibu nasi, Chama Kikuu cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilifungua mgahawa katika mji wa Moshi na kuuza humo kahawa ya wanachama wake wenyewe. Kwa hiyo si jambo la ajabu kwa wakulima kuwa na nyumba ya chakula mjini.

Juu ya fedha hatutasema mengi, Mweka Hazina ana karatasi yake. Twakumbusha tu kwamba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Na. 6 ya mwaka 2013, Chama hakiwezi kukopa kupita ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis, na kazi ya sakafu, karo na jiko haitatoka katika fedha ya ushuru wa msimu mmoja. Kibali nacho kikitoka, kodi ya ardhi yaweza kupanda kufuata matumizi mapya. Anayepiga hesabu za faida na azitie gharama hizo kwanza.

Basi, baada ya vikao vinne, Kamati inapeleka ushauri huu mbele ya Mkutano Mkuu. Jengo ligawanywe. Duka la mbele na chumba kilichofuata, ambavyo havikuwahi kuwekwa dawa, ndivyo viombewe kibali cha kuwa nyumba ya kulia chakula, na Chama kikiendeshe chenyewe kwa ukubwa wa meza chache. Bohari ya nyuma isiombewe chakula kabisa mpaka sakafu ing’olewe na maabara ijibu. Kwa sasa ibaki ya magunia na mizani, ikitenganishwa na ukuta usio na mlango. Baraza liwe la akina mama wanaopikia hapo leo, kwa majina yao, katika masharti ya maombi yenyewe: wajengewe meza za saruji, maji ya bomba na gesi, wapimwe afya kama sheria inavyotaka, na walipe kodi ndogo itakayotajwa katika daftari. Mfanyabiashara na aelezwe kwa heshima kwamba hatuna nafasi ya viti mia. Tena pasiwe na mkataba wowote wa kupangisha utakaotiwa sahihi kabla ya kibali kutoka.

Wajumbe wawili wa Kamati hawakukubaliana nasi, nao walitaka yaandikwe. Waona kwamba meza chache hazitalipa mkopo, na kwamba mpangaji aliyekuja na fedha yake mkononi hatarudi mara ya pili. Huenda wana haki katika hilo la pili. Amekwisha onekana akitazama jengo jingine karibu na kituo cha mabasi.

Nakala ya maombi, pamoja na ramani iliyochorwa upya, imewekwa mezani kwa Katibu. Mwenye neno la kuongeza au kupinga na aliandike kabla ya Mkutano Mkuu, hata kama ni mistari miwili, na asiyejua kuandika amwambie karani aandikiwe. Anayetaka kuliona jengo lenyewe kabla ya kurudi kijijini, ufunguo uko kwa mtunza ghala mpaka saa kumi na moja jioni. Apitie mlango wa uani, maana wa mbele una majiko, na akiingia bohari ya nyuma aache mlango wazi kwa muda kabla ya kuvuta pumzi.